Tela dogo la kambi kwenye mchanga, mawe na udongo wa Zanzibar: mbao au kabari, jeki ya mkasi au miguu?

Tela dogo la kulalia, lile la ekseli moja lenye godoro, jiko na sanduku la vyombo, lina kazi mbili za kufanyiwa kabla mtu hajatandika shuka. Kwanza lisawazishwe, sakafu ilale sawa. Kisha litulizwe, lisiyumbe mtu akipanda, akigeuka usingizini au upepo wa kusi ukivuma. Wengi hununua kifaa kimoja wakitaraji kifanye kazi zote mbili. Hapo ndipo jeki hupinda, chesisi (fremu ya chini ya tela) ikakunjika na mlango wa tela ukakataa kufunga.

Kanuni inayotenganisha kazi hizi ni hii: uzito wa tela ubaki juu ya matairi. Ukitaka kunyanyua upande, nyanyua tairi. Vifaa vya kona vinakuja mwisho kabisa, kugusa ardhi na kukaza kidogo tu. Watu wa pwani tunalifahamu jambo hili kwenye vyombo vyetu. Jahazi likipwewa huwekewa gadi, yaani miti ya kuegemeza, ubavuni, lakini uzito wake umekaa juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, na gadi kazi yake ni kuzuia chombo kisilale. Hakuna nahodha anayejaribu kunyanyua jahazi kwa gadi. Mguu wa kona ya tela nao usibebeshwe kazi ya tairi.

Nalinganisha hapa vifaa vinavyopatikana au vinavyoweza kutengenezwa kwetu. Sivipimi kwa jinsi vinavyong'aa dukani. Navipima kwa ardhi tunayosimama.

Ardhi kwanza

Mkulima wa Unguja hukuambia shamba lake ni kichanga, kinongo (udongo mwekundu), kinamo (udongo wa mfinyanzi) au uwanda (ardhi ya mawe), na mwenye tela anafaa ajue vivyo hivyo. Kichanga cha ufukweni, kuanzia Kendwa hadi Paje na Jambiani, humeza kila kitu chembamba. Uwanda wa mawe upande wa mashariki na kusini haumezi, lakini una ncha kali na mashimo yaliyofunikwa na udongo kidogo, mguu wa jeki unaweza kusimama vizuri jioni ukatumbukia usiku. Kinamo wakati wa kiangazi ni kigumu kama sakafu. Masika ikishika, kati ya Machi na Mei, huteleza juu na kulainika chini, na kila kifaa kilichonyooka jana kinakuwa kimeinama leo.

Pemba ina lake zaidi. Kisiwa kile ni vilima na mabonde, na pahala tambarare pa kuegesha ni pachache kuliko Unguja. Huko shida kubwa ni mteremko. Kifaa chenye urefu mdogo wa kunyanyua, ambacho Jambiani kingekutosha, njia ya kwenda Wete au Konde kinaweza kukuangusha.

Kusawazisha kushoto na kulia

Pima kwanza ujue unahitaji sentimita ngapi. Kama matairi yako mawili yameachana mita 1.6, kila digrii moja ya mwinamo ni karibu sentimita 2.8. Digrii 3 ni zaidi kidogo ya sentimita 8. Hesabu hii ina faida kubwa, kwa sababu inakuonyesha kwamba ubao mmoja wa inchi mbili hautoshi, na mbao mbili za inchi mbili zimezidi. Ubao wa inchi mbili juu yake wa inchi moja ndio uliokusudiwa.

Mbao ndiyo chaguo langu la kwanza kwa Zanzibar, na nalisema bila kusita. Zinapatikana kila pahala, zinakatwa kwa kipimo unachotaka, zikivunjika unakata nyingine, na kwenye mchanga zinatandaza uzito kuliko kifaa chochote cha plastiki cha bei sawa. Chukua zenye upana unaozidi tairi lako, urefu usipungue sentimita 60, na ncha uzikate mshazari ili tairi lipande bila kugonga. Ukipanga mbili, wa chini uwe mrefu kuliko wa juu, kama ngazi. Tairi lote likae juu ya ubao, kwani likining'inia nusu nje nyuzi za ndani za tairi huumia, na jeraha hilo hulioni mpaka siku linapopasuka barabarani.

Ukitumia mbao za mnazi, chagua zilizotoka upande wa nje wa gogo. Huko ni kugumu na kuzito. Za katikati ni laini, zinaonekana nzuri zikiwa kavu lakini hukandamizika na kuoza upesi. Kasoro ya mbao zote ni uzito wa kubeba, utelezi zikilowa, na mchwa ukiziacha chini. Utelezi unapungua ukipigilia vipande vyembamba vya mpira wa tairi kuukuu juu yake, misumari ikiwa imezama ndani kabisa.

Kabari ya mviringo, ile ya plastiki nene inayonyanyuka polepole kama mgongo wa kobe, inashinda mbao kwa jambo moja: haihitaji kukisia. Unasogeza tela taratibu huku mwenzako akiangalia pima maji, kile kipimo cha usawa cha mafundi, likifika sawa anakwambia simama, unasukuma kizuizi chini ya kabari, basi. Nyingi hunyanyua hadi kiasi cha sentimita 10. Kwa mtu anayesafiri peke yake au anayefika usiku, ni starehe ya kweli. Lakini inataka ardhi ngumu. Juu ya kichanga, tairi linapoanza kupanda, kabari yenyewe huzama au huteleza mbele, na utajikuta unaiwekea ubao chini yake. Juu ya uwanda, jiwe moja lenye ncha katikati ya kabari huibeba yote na kuipasua. Ina nafasi yake kwenye viwanja vya kifusi, kando ya skuli, nyuani zilizosakafiwa, na kinongo kilichoshindiliwa.

Matofali ya plastiki yanayofungana sikushauri. Ni mepesi na yanapangika vizuri garini, ila chini yana uwazi, na jiwe la uwandani linapoingia kwenye uwazi huo tofali hupasuka. Jua letu nalo huyakausha yakawa kama ganda. Mfuko wa hewa unaonyanyua tela kwa pampu ndio kabisa usiulete kwenye mawe ya matumbawe.

Kisha kuna njia isiyo na gharama, ambayo wengi huisahau kwa sababu haiuzwi. Kwenye kichanga, badala ya kunyanyua tairi la chini, chimba chini ya tairi la juu. Chepe moja na dakika chache. Chimba mfereji mrefu wenye mteremko mwepesi, siyo shimo, kwa sababu kesho tela lazima litoke kwa kuvutwa. Sakafu ya mfereji itandike ubao, na tairi la pili nalo lisimame juu ya ubao hata kama halihitaji kunyanyuliwa, ili yote mawili yazame sawasawa kama yatazama. Usichimbe kwenye mizizi ya mivinje wala penye majani yanayotambaa ukingoni mwa ufukwe. Hayo ndiyo yanayoshika mchanga usiondoke na maji, na ufukwe tunaoufurahia leo unashikiliwa na mimea hiyo.

Kwa ufukweni, basi, kuchimba pamoja na mbao kunashinda kila kitu. Kwa uwanda, mbao nene. Kwa kinamo cha masika, mbao ndefu zaidi, na usitumie plastiki laini. Kwa yadi ngumu, kabari.

Kabla hujalifungua kutoka kwenye gari

Tela likishakaa sawa kushoto na kulia, zuia matairi yote mawili, mbele na nyuma, kabla hujaliachanisha na gari. Siyo baadaye. Kwenye mteremko wa Pemba tela lililofunguliwa bila vizuizi linaondoka lenyewe, na hakuna mtu wa kulishika. Vizuizi vinavyoingia katikati ya matairi mawili na kukazwa kwa skrubu vinasifiwa sana, lakini vimetengenezwa kwa tela la ekseli mbili. Lako la ekseli moja halina pa kuviweka. Vigogo vizito vya mbao vilivyokatwa kabari, au vya mpira mgumu, vinatosha.

Mbele na nyuma unasawazisha kwa jeki ya shingo, ile iliyo mbele kwenye mkono wa kuvutia tela, baada ya kufungua gari. Nyingi huja na kijigurudumu chini, na kijigurudumu hicho kwenye mchanga kinazama mpaka kwenye ekseli yake. Kama unaweza kuchagua, chagua jeki inayokubali kuvuliwa gurudumu na kuvalishwa sahani bapa. La sivyo, ubao mpana chini yake, wenye kidimbwi kidogo kilichochongwa katikati ili gurudumu lisibingirike.

Kutuliza: washindani watatu

Jeki ya mkasi hufungwa kwa boliti au kuchomelewa kwenye chesisi, nne kwa kona nne. Ukizungusha mkono wake, miguu yake hufunguka na kusukuma sahani chini. Umbo lake pana linazuia kuyumba kwa ubavu kuliko nguzo iliyosimama wima, na skrubu yake inakuwezesha kukaza kidogo kidogo mpaka unaposikia springi za tela zimeanza tu kupumua. Hapo ndipo unapoacha. Kwa tela linalokaa usiku mwingi pahala pamoja, hii ndiyo bora, na kwa mtu mzima mwenye magoti au mgongo unaouma utulivu wake unaonekana usiku wa kwanza.

Ina adui wawili hapa kwetu. Wa kwanza ni chumvi. Skrubu yake ikipigwa na upepo wa bahari bila kutunzwa hushika kutu, ukaja siku ukaizungusha ikakatika. Nunua iliyopakwa zinki, isuuze kwa maji baridi ya kisima au bomba baada ya ufukweni, ikauke, kisha mafuta mepesi. Grisi nzito juu ya skrubu iliyo wazi hushika mchanga, na mchanga ndani ya grisi unasaga meno ya skrubu. Wa pili ni njia zetu za ndani. Jeki ya mkasi inaning'inia chini ya chesisi, na njia ya uwandani yenye vichwa vya mawe huigonga. Mwambie fundi aipandishe, ifungwe ubavuni mwa boriti ya chesisi badala ya chini yake, kama boriti inaruhusu.

Miguu ya kuteremsha ni mabomba ya mraba yanayozunguka kwenye pini: wakati wa safari yamelala ubavuni, ukifika unayashusha, unayatoa kwa kipimo na kuchomeka pini kwenye tundu. Sifa yake kubwa ni kwamba fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, na ikiharibika anaweza kuirudisha siku hiyo hiyo bila kungoja kifaa kutoka ng'ambo. Hilo kwa kisiwani ni jambo zito. Mtu wa Pemba akipoteza mkono wa jeki ya kigeni anaweza kukaa nayo haifanyi kazi muda mrefu, lakini pini ya mguu anaipata dukani kwa jirani.

Kasoro yake ni matundu. Mguu unasimama pale tundu lilipo, siyo pale unapotaka, na mara nyingi hubaki mwanya wa sentimita moja au mbili kati ya mguu na ardhi. Mwanya huo uzibe kwa kabari mbili nyembamba za mbao zinazopishana, ukizigonga kutoka pande mbili mpaka zikaze. Usijaribu kunyanyua tela kwa mkono ili tundu linalofuata lifike. Miguu hii ndiyo ningempa mtu anayehama kila siku, na vilevile mwenye tela la biashara, anayelifikisha jioni kuuza chipsi au juisi na kuliondoa usiku. Kwake haraka ni pesa, na jiko lenye karai la mafuta yanayochemka halitaki tela linaloyumba mteja akiegemea dirisha.

Stendi za piramidi ni za aluminiamu, hazifungwi kwenye tela. Unaziweka chini ya chesisi, unazungusha kichwa chake mpaka kiguse, umemaliza. Hazihitaji kuchomelea, hazishiki kutu kama chuma, na zinaingia moja ndani ya nyingine. Kwa mtu aliyekodi au kuazima tela, na hana ruhusa ya kulitoboa, hili ndilo chaguo pekee la maana. Uwandani zina faida ambayo wenzake hawana: unachagua pahala pa kuiweka, ukikwepa tundu au ncha ya jiwe. Lakini zinasaidia uzito wa kushuka tu. Tela likisukumwa kwa ubavu na upepo, stendi inabaki imesimama na tela linateleza juu yake. Mchanga ukihama chini yake huanguka bila kukuaga. Na kwenye mteremko, kona ya chini huwa mbali na ardhi kuliko urefu wake. Mara nyingi jawabu la watu ni kuiweka juu ya tofali la saruji.

Tofali la saruji lenye matundu usiliweke chini ya tela hata siku moja, wala chini ya stendi, wala chini ya jeki. Lina nguvu ukutani kwa sababu uzito umeenea juu yake lote. Likipata uzito mahali padogo hupasuka ghafla, bila kulalamika kwanza kama ubao unavyofanya. Naliona likitumika kila mahali, na watoto wanacheza chini ya tela lililosimama hivyo. Kipande cha gogo la mti, pande zote mbili zimekatwa sawa, ni salama mara nyingi zaidi.

Sahani za chini, ambazo ndizo zinazofanya kazi

Uchague kifaa gani kati ya hivyo vitatu, kichanga kitakushinda usipokiwekea sahani pana. Chukua mguu wenye kitako cha sentimita 10 kwa 10. Mtu mzima akikanyaga kona hiyo, tuseme uzito wa kilo 90 ukaenda huko, kila sentimita ya mraba ya mchanga inabeba kilo 0.9. Weka ubao wa sentimita 30 kwa 30 chini yake: sasa kila sentimita inabeba kilo 0.1. Umepunguza mara tisa kwa kipande cha ubao ambacho fundi seremala anakitupa. Kata vinne, vya unene wa inchi mbili, toboa tundu kwenye kona ya kila kimoja uvifunge kamba ya kuvivutia, kwa sababu asubuhi vitakuwa vimefukiwa.

Ndiyo maana namwambia mwenye fedha kidogo aanze na mbao, siyo jeki. Jeki ya bei kubwa bila ubao, Paje itazama. Miguu ya fundi wa mtaani yenye mbao nzuri itakaa.

Pima maji, simu au mpira wa maji

Pima maji ndogo ya kuunganisha kwenye shingo na nyingine ubavuni ndiyo rahisi na hudumu. Simu inafaa kwa haraka, lakini ivue kava na uilaze pahala ambapo kamera iliyochomoza haiinyanyui, la sivyo itakudanganya. Mpira wa maji wa mafundi wa nyumba, ule unaopitisha mwanga, ni sahihi kuliko vyote kwa umbali mrefu, ila kwa tela dogo ni usumbufu. Popote utakapopima, pima juu ya sakafu au chesisi. Meza ya kukunja imeshapinda yenyewe.

Usahihi kiasi gani? Kwa kulala, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko miguu hakuna anayelalamika. Anayetumia sanduku la barafu hana sababu ya kusumbuka na nusu digrii. Friji la kompresa la betri nalo linavumilia. Friji la gesi, lile linalofanya kazi kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, halivumilii. Mchanganyiko huo hurudi kwa kuteremka wenyewe ndani ya mabomba. Tela likiinama sana kwa saa nyingi, maji hukwama pahala pamoja, yanachemka hapo hapo, na bomba huziba moja kwa moja. Mwenye friji hilo asiridhike na kukisia kwa macho.

Upepo na maji

Kuanzia Mei hadi Septemba kusi hupiga pwani ya mashariki kwa nguvu, ndiyo sababu Paje imejaa watu wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara. Elekeza shingo ya tela kwenye upepo, ubavu usiupokee. Jeki za mkasi zitakusaidia hapo, stendi hazitakusaidia. Ukitaka kufunga kamba, vigingi vifupi kwenye mchanga hung'oka, lakini kiroba kilichojazwa mchanga, kikafungwa kamba na kufukiwa kwa kina cha goti, hushika vizuri.

Jambo la maji halina mjadala. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa kwetu hukaribia mita 4, na hujaa majira ya alfajiri na alasiri. Alfajiri wewe umelala. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vifuu ulioachwa na maji ya juu, kisha panda juu yake zaidi. Hata kama maji hayakufika kwenye tela, yakipita chini ya sahani moja tu huukomba mchanga, na kona ile huzama wakati tatu zimebaki.

Asubuhi ya kwanza pima tena, kwani mbao hukaa na mchanga hushuka baada ya usiku mmoja. Siku ya kuondoka, pandisha miguu ya kona kwanza, yote minne, kisha unganisha gari, na vizuizi vya tairi ndivyo vitoke mwisho. Ukishamaliza, zunguka tela mara moja uhakikishe hakuna mguu ulioachwa chini na pini zote ziko ndani. Mguu mmoja uliosahauliwa ukikutana na tuta la barabarani utang'oka na kipande cha chesisi.